Orodha ya Jumatano

Khalayi alinunua cherehani yake Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975, katika duka la Nyota Saba, mwisho wa River Road, Nairobi, na siku hiyo aliijua bei yake kuliko karani aliyemuuzia. Kwa pesa taslimu ilikuwa shilingi elfu moja mia moja na hamsini. Kwa malipo ya polepole ilikuwa elfu moja mia tano na sitini: mia mbili na arobaini siku ile ile, kisha hamsini na tano kila tarehe kumi na tano ya mwezi, kwa miezi ishirini na minne. Zile mia nne na kumi za juu alikuwa amezitafakari tangu Pasaka, akaona kwamba mtu asiye na elfu moja mkononi hana budi kuinunua elfu moja yenyewe.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa upande wa Bungoma, akasoma mpaka darasa la saba, akaolewa Butere na Dishon Andati, ambaye alifanya kazi ya kuchanganya rangi katika kiwanda cha mablanketi, Industrial Area. Walikaa chumba kimoja Kariobangi na watoto watatu, wa kwanza akiitwa Shitanda kwa jina la babu yake. Kwa miaka minne Khalayi alikuwa akishona sare za shule kwa cherehani ya kukodi, shilingi tatu kwa siku, na mwenye cherehani akiamka vibaya humwambia arudi kesho.

Karani wa mikopo wa Nyota Saba aliitwa Maingi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni, mpole, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama wa mwalimu.

"Mama, mkataba hatuuandiki kwa jina la mke peke yake," alisema. "Bwana atie sahihi kama mdhamini."

"Pesa ni zangu."

"Najua. Lakini ukishindwa, tutamtafuta nani?"

Dishon akatia sahihi. Alikuwa ameomba ruhusa ya nusu siku kazini kwa ajili ya sahihi hiyo, na vidole vyake vilikuwa bado vya buluu.

Maingi aliwaeleza mambo mawili matatu. Mkataba ungesajiliwa kwa Msajili wa serikali kabla ya siku thelathini kwisha, ndivyo sheria ilivyotaka. Mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye duka haruhusiwi tena kuja kumnyang'anya kitu chake mpaka aende mahakamani. Na cherehani ikae pale pale Kariobangi, kwenye anwani iliyoandikwa.

"Itaenda wapi?" Khalayi alisema. "Miguu inayo, lakini ni ya chuma."

Wote watatu wakacheka.

Miezi kumi na minane alilipa bila kuruka hata mmoja. Risiti alizitunga kwenye uzi mweusi, akauning'iniza uzi ule ukutani juu ya cherehani, na kila alipoongeza risiti alihesabu upya tangu ya kwanza. Theluthi mbili aliipita Novemba mwaka wa 1976. Siku hiyo alinunua nusu kilo ya nyama, na Dishon alipouliza kuna sherehe gani akamjibu, "Kuanzia leo hakuna mtu anaweza kuja kubeba hii kitu. Hata aje na lori."

"Ungeniambia mapema ningekuja na mkate," Dishon akasema.

Cherehani ile iliwaletea karo ya watoto, ikalipa kodi ya chumba miezi ambayo kiwanda kilipunguza saa za ziada, na kufikia mwanzo wa mwaka wa 1977 walikuwa na shilingi mia saba katika kitabu cha posta. Dishon alikuwa amejaza fomu ya kuomba nyumba Umoja, zile nyumba mpya za Baraza la Jiji ambazo mtu hulipa kidogo kidogo mpaka zinakuwa zake. Aliijaza kama mtu anayenunua tikiti ya bahati nasibu, kisha akaisahau.

Tarehe 11 Machi ikaja simu ya maandishi kutoka Butere. Mama yake Dishon alikuwa amefariki.

Hapa inafaa kueleza jambo moja kwa wasiojua mambo ya watu wa magharibi ya nchi. Mke wa mtoto wa kiume aliyetoka Nairobi haendi kwenye matanga ya mama mkwe mikono mitupu, kwa maana watu hawatazami machozi yake peke yake, wanatazama pia alichokuja nacho. Tena haondoki marehemu akishafukiwa. Hungoja siku ya kunyoa nywele, na baada ya hapo hungoja wazee wakae wagawe vitu vya marehemu na kuzungumza madeni yake, na wazee hawana haraka. Dada mkubwa wa Dishon, aliyeitwa Nabwire, alikuwa ametuma neno kwa mtu aliyekuja na basi: wajukuu wote wa marehemu, thelathini na mmoja, wangevaa nguo za kitambaa kimoja, na mshonaji alikuwapo katika ukoo, kwa hiyo asitafutwe mwingine.

"Nitashona na nini?" Khalayi alimuuliza mumewe. "Kidole?"

"Chukua cherehani."

"Mkataba unasema ikae hapa."

Dishon alikuwa ameketi kitandani na kofia mkononi. "Mama amekufa," alisema. "Unataka nimwambie Nabwire kwamba Mhindi wa duka amekataa?"

Khalayi akainuka kutafuta kamba. Jumamosi alfajiri cherehani ilipandishwa juu ya basi, ikafungwa kwa kamba kati ya godoro na kreti za soda, na majirani wakatoka kutazama.

Butere alishona siku nne mfululizo chini ya turubai. Mazishi yalikuwa Jumamosi iliyofuata, na wale watoto thelathini na mmoja wakasimama kwenye mstari, nguo za zambarau na kola nyeupe, watu wakasema marehemu amezikwa kwa heshima. Hata Nabwire, ambaye hakuwahi kumsifu Khalayi tangu alipolipiwa mahari, alisema, "Leo nimeona ng'ombe wetu hawakupotea bure." Dishon alirudi kazini baada ya kunyoa nywele, kwa sababu kiwanda kilimpa siku kumi na mbili tu, naye akawa akitoka kazini anakwenda kulala kwa binamu yake Makongeni ili asikae peke yake na msiba katika chumba cha Kariobangi. Khalayi alibaki kungoja wazee. Alirudi Nairobi na cherehani yake tarehe 4 Aprili. Malipo ya tarehe kumi na tano Machi yalikuwa yamepita.

Jirani yao wa mlango wa pili aliitwa Ndindi, Mkamba muuza vikapu, mwanamke wa maneno mengi na roho nzuri. Khalayi alipokuwa bado anatua mizigo, Ndindi alikuja kumpa pole na habari.

"Yule kijana wa duka alikuja, mama Shitanda. Jumatatu iliyopita. Akapata kufuli. Anauliza, hawa watu wako wapi? Nikamwambia wameenda kwao kuzika. Anauliza, na cherehani? Mimi nikamwambia, wewe unafikiri hawa ni watu wa mchezo? Wameenda nayo. Imepanda basi kama abiria."

"Ukamwambia hivyo?"

"Nilitaka ajue mnaweza." Ndindi akaona uso wa mwenzake. "Nimekosea?"

"Hujakosea," Khalayi alisema. "Ni kweli ilipanda basi."

Kesho yake alikwenda dukani. Maingi alimpa pole, akapokea shilingi hamsini na tano za Machi, akamwandikia risiti kwa ule mwandiko wake mzuri, wala hakusema kitu. Tarehe kumi na tano akalipa ya Aprili. Akaendelea hivyo mpaka tarehe 15 Agosti, siku aliyolipa ya mwisho, na Maingi akapiga muhuri kwenye kadi: IMELIPWA YOTE. Khalayi aliondoka dukani akijua kwamba cherehani ni yake na kwamba hamdai mtu wala hadaiwi.

Barua ya Umoja ilifika mwezi wa Februari 1978. Dishon aliisoma mara tatu, kisha akampa mkewe aisome, kwa sababu hakuyaamini macho yake. Walikuwa wamegawiwa nyumba. Vyumba viwili, jiko, choo chao wenyewe, na nafasi nyuma ya kuongeza vyumba baadaye. Walitakiwa kulipa malipo ya kwanza, shilingi elfu mbili mia tisa, kabla ya Ijumaa tarehe 31 Machi saa kumi. Asiyelipa, nyumba ingepewa anayefuata kwenye orodha ya kungoja.

Jumapili walitembea kwa miguu mpaka Umoja na watoto. Nyumba ilikuwa imefungwa, wakachungulia dirishani kwa zamu. Mtoto wa mwisho aliuliza choo kiko wapi, akaonyeshwa, akauliza tena ni cha nani.

"Chetu," Dishon alisema.

"Na cha majirani?"

"Wana chao."

Kitabu cha posta kilikuwa na elfu moja na mia moja. Zilipungua elfu moja mia nane. Kiwandani watu walimwelekeza Dishon kwa kampuni moja ya mikopo mjini, ghorofa ya pili, ambayo ilikopesha wafanyakazi wenye barua ya mwajiri. Riba yake ilikuwa kali lakini ilitoa pesa kwa siku tatu. Alipeleka fomu, na Jumatano tarehe 8 Machi Khalayi akaenda kuuliza jibu, kwa kuwa Dishon alikuwa zamu ya mchana.

Afisa wa mikopo, bwana mmoja mtu mzima aliyeitwa Matheka, alikuwa na karatasi ndefu mezani, zilizodurufiwa kwa wino wa zambarau na kubanwa kwa pini. Alipitisha rula chini ya mistari, akasimama.

"Andati Dishon, Kariobangi. Ndiye bwana yako?"

"Ndiye."

"Yumo humu, mama. Namba mia mbili na kumi na saba. 'Mdhamini. Mali imehamishwa. Mdaiwa ametoroka.' Iliingia tarehe thelathini Machi mwaka jana."

Khalayi alifikiri kwanza ni mtu mwingine. Kisha akakumbuka Ndindi amesimama mlangoni, akijivuna kwa niaba yao. Akafungua mkoba akatoa uzi wa risiti, zote ishirini na nne, na kadi yenye muhuri, akaviweka juu ya meza ya Matheka.

Matheka alivitazama moja baada ya nyingine, kwa adabu. "Nakuamini," alisema. "Lakini mimi sisomi risiti, nasoma orodha. Inakuja kila Jumatano kutoka chama cha wenye maduka. Jina likitoka huko, njoo, pesa utapata."

Kesho yake alikuwa Nyota Saba kabla mlango haujafunguliwa. Maingi alikuwa amenenepa kidogo, na sasa alikuwa na kalamu tatu.

"Niliandika nilichoona, mama," alisema. "Nilikuja, cherehani haikuwapo, ninyi hamkuwapo, tarehe imepita. Ningeandika nini? Kwamba mko ndani mmelala?"

"Nilikuja kesho yake ya kurudi. Ukapokea pesa zangu. Ukanipa pole."

"Pole nilikupa kweli."

"Kwa nini hukufuta?"

Maingi akashusha sauti, si kwa aibu bali kama mtu anayefundisha. "Sikiza, mama. Ulikuwa umepita theluthi mbili. Kama tungekuja na mkokoteni tuibebe cherehani, ungetushtaki, na hakimu angetuchapa. Sheria ingekuwa upande wako. Kumpeleka mtu mahakamani kwa shilingi mia tatu na kitu, wakili peke yake anakula mia tano. Sasa duka lifanye nini? Linaandika jina. Kuandika jina hakuna sheria inayokataza."

"Na kulifuta?"

"Kulifuta hakuna sheria inayolazimisha."

Akamwambia kwamba barua ya kufuta jina hutiwa sahihi na mwenye duka mwenyewe, na mwenye duka alikuwa amesafiri kwenda Bombay kwa harusi ya mpwa wake, angerudi katikati ya Aprili.

Jumatatu Khalayi alikwenda kwa Msajili wa serikali. Alikuwa amesikia habari zake siku moja tu, ile ya kununua, lakini jina lile lilikuwa limekaa kichwani mwake kama jina la ndugu mwenye uwezo. Karani mmoja wa kike alimpokea vizuri kuliko alivyotarajia, akamketisha, akaenda nyuma na kurudi na daftari kubwa ambalo alilibeba kwa mikono miwili.

"Huu hapa mkataba wako. Ulisajiliwa siku ya ishirini na sita, kwa hiyo duka lilifuata sheria. Bei hii hapa. Hakuna lalamiko lolote, lako wala lao. Kwetu wewe ni safi, mama."

"Basi waambie wale wanitoe."

"Wale gani?"

"Wenye orodha."

Yule karani alifunga daftari taratibu. "Sisi tunasajili mikataba," alisema. "Wenye duka wakikunyang'anya mali kinyume cha sheria, hapo sheria inajua la kufanya. Lakini hiyo orodha sijaiona. Haisajiliwi popote. Ni karatasi tu wanazoandikiana wenyewe."

"Karatasi tu," Khalayi akarudia.

"Pole, mama yangu."

Jumatano alipata ofisi ya chama cha wenye maduka, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, chenye mashine ya kudurufu na harufu ya spiriti. Katibu wake alikuwa mzee aliyeitwa Ndambuki, aliyekuwa zamani karani wa reli. Hakutazama risiti hata moja. Alikuwa akigeuza mpini wa mashine, na kila alipogeuza, karatasi moja ya zambarau ilianguka chini.

"Mimi ni bomba, binti yangu," alisema. "Maduka yanamimina majina juu, mimi natoa chini. Bomba haliulizi maji yametoka wapi."

"Lakini unajua mengine si kweli."

"Najua mengine si kweli. Sijui yapi." Akageuza mpini tena. "Ulikopa?"

"Nilikopa, nikalipa."

"Kukopa arusi, kulipa matanga. Wewe ukaleta matanga na kulipa pamoja, ukawachanganya watu. Leta barua ya duka, nitakutoa Jumatano hiyo hiyo. Sina kinyongo na wewe."

Akarudi kwa Maingi Ijumaa tarehe 17. Zilibaki wiki mbili, na kati yake kulikuwa na Pasaka. Hakugombana. Alikaa kwenye benchi la wateja mpaka saa saba, watu wakaja wakaenda, wengine wakilipa, wengine wakiomba siku tatu, na Maingi akimtupia jicho mara kwa mara. Mwisho alimwita.

"Iko njia moja ambayo haihitaji mwenye duka," alisema. "Mteja akifungua mkataba mpya, mimi mwenyewe nina ruhusa ya kuandika barua kwamba amerudi katika hali njema. Maana hatuwezi kumkopesha mtu huku tumemwandika ametoroka. Haingii akilini."

"Nifungue mkataba wa nini?"

"Chochote. Iwe ni kitu cha maana, lakini. Pasi haitoshi." Akamwonyesha kwa kalamu seti ya makochi iliyokuwa karibu na mlango, nyekundu, bado imefungwa kwa nailoni. "Hii. Mia nne na ishirini leo, halafu sitini na mbili kwa mwezi, miezi ishirini na minne. Mna nyumba mpya, si mtahitaji pa kukalia?"

Mtu asidhani Khalayi hakuona mtego. Aliuona wote, toka kamba mpaka kigingi. Lakini alikuwa amehesabu siku kama alivyokuwa akihesabu risiti, na hakuna upande aliohesabu ukafika tarehe thelathini na moja isipokuwa huo. Jioni aliomba zamu yake katika mchango wa akina mama wa kanisa, ambayo ilikuwa ya Juni, akapewa kwa sababu Ndindi alimwachia ya kwake ya Machi.

"Chukua," Ndindi alisema. "Mdomo wangu ndio ulikuandikisha huko."

"Mdomo wako haukuandika."

"Chukua tu, mama Shitanda. Usinifanye nilale vibaya."

Dishon alitia sahihi tena kama mdhamini, Jumamosi tarehe 18. Alisoma mkataba mbele na nyuma, jambo ambalo hakufanya mara ya kwanza, na alipofika kwenye bei, elfu moja mia tisa na nane, aliuliza bei ya taslimu ni ngapi. Maingi akamwambia elfu moja mia tatu na hamsini. Dishon akaguna. Makochi yaliletwa kwa mkokoteni. Mlango wa chumba ulikuwa mwembamba, ikabidi bawaba zitolewe, na yalipoingia hapakuwa na nafasi ya cherehani. Ikatolewa nje barazani, ikafunikwa gunia.

Barua ya Maingi ilifika kwa mzee Ndambuki Jumatatu, naye alitimiza neno lake, ila Jumatano ile ya tarehe 22 alikuwa amekwisha kudurufu mapema kwa sababu ya sikukuu. Jina la Dishon lilitoka katika orodha ya tarehe 29.

Alhamisi tarehe 30 walikwenda wote wawili kwa Matheka. Dishon alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Matheka alipitisha rula kutoka juu mpaka chini, kwenye kurasa zote, polepole, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Hamumo. Hongereni."

Kisha akavuta fomu ya mkopo, akageuza karatasi nyingine iliyokuwa imebanwa nyuma ya orodha, na tabasamu lake likaondoka bila yeye kujua. Ilikuwa karatasi ya mikataba mipya. Maduka yalipeana hiyo pia.

"Mmechukua makochi?"

"Tuliambiwa tuchukue," Khalayi alisema. "Ndiyo njia jina litoke."

Matheka hakuuliza nani aliwaambia. Alichukua penseli akaandika pembeni ya fomu ili waone. Mshahara, mia sita na ishirini. Robo yake, mia moja na hamsini na tano. Masharti ya kampuni yalisema malipo yote ya mkopaji kwa mwezi yasizidi robo ya mshahara. Mkopo wa elfu moja mia nane ungelipwa tisini na sita kwa mwezi. Makochi, sitini na mbili. Akajumlisha: mia moja na hamsini na nane.

"Imezidi kwa shilingi tatu," alisema.

"Nitakuletea hizo shilingi tatu kila mwezi mimi mwenyewe," Khalayi alisema. "Ninashona. Nitaleta kumi."

"Si za kuletwa, mama. Za bwana ndizo zinahesabiwa. Nikipunguza mkopo, hautafikia malipo ya Baraza. Nikiupitisha hivi, wakaguzi wataona, na mimi nina watoto."

"Wiki tatu zilizopita hatukuwa na deni hata la senti," Dishon alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ukakataa kutukopesha kwa sababu tunadaiwa. Sasa tumekuwa watu wema, unakataa kwa sababu tunadaiwa."

Matheka alitazama penseli yake. "Sikuziandika mimi hizo sheria, bwana Andati."

"Ziliandikwa na nani?"

"Sijui," Matheka akasema, na alisema kweli.

Jioni ile Khalayi alizunguka Kariobangi nyumba kwa nyumba, kwa watu aliowashonea sare na watu aliowadai shukrani tu. Alipata mia tatu na themanini. Mwisho wa mwezi watu wanakuwa wamekauka, na mishahara ya Machi ilikuwa ya kutoka kesho yake jioni, baada ya saa kumi. Dishon alikwenda kwa msimamizi wake kiwandani akaomba mshahara wa mbele, akaambiwa aandike barua.

Ijumaa saa kumi ilipita. Hawakuwa pamoja ilipopita. Yeye alikuwa kazini na rangi, naye Khalayi alikuwa barazani akikata kola, maana shule zingefunguliwa Mei na wazazi wa maana huagiza mapema.

Jumatatu Dishon alikwenda mwenyewe kurudisha barua ya nyumba, kama ilivyotakiwa. Karani wa Baraza aliipokea, akaikata kwa mstari mmoja wa kalamu, akaita jina la mtu aliyefuata, na mtu huyo alikuwa pale pale kwenye benchi, mzee mwenye heshima zake, akasimama akampisha Dishon apite.

Alirudi Kariobangi jua likiwa juu bado. Khalayi aliacha kukanyaga cherehani akamfuata ndani. Dishon hakuwa ameketi kwenye yale makochi hata siku moja tangu yaletwe. Alikuwa akila akiwa kitandani, akiyapisha kama mtu anayempisha mgeni. Sasa aliketi. Nailoni ikalia chini yake. Akapapasa mkono wa kochi, akaegemea, akatazama dari la bati.

"Ni laini," alisema.

Khalayi alibaki amesimama mlangoni na uzi mdomoni. Alitaka kumwambia kwamba makochi aliyachagua yeye Khalayi, na kwamba kama angekaa tu bila kufanya lolote wangekuwa bado na mia nne na ishirini na nafasi ya kupita. Hakumwambia. Alijua angejibiwa kwamba aliyeamuru cherehani ipande basi ni Dishon mwenyewe, na yote mawili yalikuwa kweli, wala hakuna hata moja lililokuwa na faida.

"Niondoe nailoni?" aliuliza.

"Iache," Dishon alisema. "Bado si yetu."

Malipo ya kwanza ya makochi yalikuwa tarehe 18 Aprili. Khalayi aliyapeleka tarehe 17.